Mambo Makubwa Hayapigi Hodi

Ndugu Mwenyekiti, waandaaji wa mkutano huu, wazee wetu, na ninyi nyote mliofika kusikiliza, nawashukuru kwa heshima mliyonipa. Nimeombwa nizungumzie kujiandaa mapema kwa yale yaliyo muhimu zaidi maishani. Mada hii ina hatari yake, kwani mtu anaweza kuizungumzia saa nzima bila kusema neno ambalo wasikilizaji hawakulijua walipokuwa wakiingia mlangoni. Nitajaribu kuikwepa hatari hiyo kwa kuanza na droo moja ya meza.

Baba yangu alikuwa mtu wa mpangilio. Katika droo ya juu ya meza yake zilikuwamo risiti za umeme za miaka kumi na tisa, zimefungwa mwaka kwa mwaka kwa mipira, na kila furushi lilikuwa na kikaratasi chenye mwaka wake kwa wino mwekundu. Usiku alipopata kiharusi, daktari aliyempokea alituuliza mambo matatu: mgonjwa anatumia dawa gani, kuna dawa inayomdhuru, na ikiwa hataweza kujisemea, ni nani kati yetu atakayeamua kwa niaba yake. Tulikuwa watoto wanne pale kwenye korido, watu wazima wenye kazi na familia zetu, na hatukuwa na jibu hata moja. Kaka yangu alirudi nyumbani kutafuta karatasi yoyote iliyotaja dawa. Alifungua droo ile, akakutana na umeme wa miaka kumi na tisa.

Nimeifikiria droo hiyo mara nyingi. Mzee hakuwa mzembe hata kidogo. Angekuwa mzembe, hadithi hii isingekuwa na la kutufundisha. Alikuwa mwangalifu kuliko watu wengi ninaowajua, lakini uangalifu wake wote ulikwenda kwa kile kilichokuja kwake kikiwa na tarehe ya mwisho na tishio la kukatiwa. Bili ya umeme hudai. Orodha ya dawa haimdai mtu, wala hakuna anayekuja kugonga mlango kuuliza kama umeshaamua nani akusemee siku utakapopoteza sauti. Hoja yangu ya leo imo humo: mambo makubwa ya maisha hayapigi hodi, na kwa sababu hayapigi hodi, hayana budi kutengewa nafasi na mtu mwenyewe, kabla ya siku yake, kwa namna inayoweza kuonekana na kushikika.

Jambo hili si geni. Mwezi Agosti mwaka 1954, Rais Dwight Eisenhower wa Marekani aliuhutubia mkutano wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni katika mji wa Evanston, na katika hotuba hiyo akayakumbuka maneno ya mkuu mmoja wa zamani wa chuo, ambaye alikuwa akisema kwamba ana matatizo ya aina mbili, ya haraka na ya muhimu. Yale ya haraka si muhimu, na yale ya muhimu hayawi ya haraka kamwe. Tangu hapo wazo hilo limechorewa visanduku vinne na kufundishwa kwenye semina zisizohesabika, kiasi kwamba Eisenhower mwenyewe hudhaniwa kuwa ndiye mwanzilishi wake. Ninakubaliana na nusu ya kwanza kuliko ya pili, kwa sababu jambo muhimu hugeuka kuwa la haraka. Hugeuka siku moja, bila taarifa, na siku hiyo muda wa kujiandaa unakuwa umekwisha. Orodha ya dawa za baba yangu haikuwa ya haraka kwa miaka kumi na tisa, kisha ikawa ya haraka kuliko kitu chochote duniani kwa muda wa dakika arobaini.

Afya yenyewe ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wanaishi na shinikizo la juu la damu, na kwamba asilimia 46 kati yao hawajui kwamba wanalo. Hawajui kwa sababu kwa kawaida halina dalili. Mtu hula, hulala, hucheka na wenzake, na mishipa yake inachakaa kimyakimya. Kipimo chake huchukua dakika chache na hakiumi. Ungedhani jambo jepesi namna hiyo lisingemshinda mtu, lakini wepesi wake ndio unaoliahirisha: kwa kuwa linaweza kufanyika siku yoyote, halipati siku yake.

Hapa tunafika kwenye kosa ambalo naliona ni la msingi kuliko yote, nalo ni kuichukulia nia kuwa ndiyo maandalizi. Mtu anayewaza mara kwa mara kuhusu uzee wake huamini kwamba anajiandaa kwa uzee. Mzazi anayeingiwa na wasiwasi kila usiku juu ya masomo ya watoto wake huamini kwamba ameshughulika na masomo hayo, na kweli amechoka kama aliyeshughulika. Wasiwasi una uzito unaofanana na uzito wa kazi, na asubuhi hakuna kilichobadilika. Nimejiwekea kipimo kimoja ambacho nawaachia mkitumie mtakavyo: kama nitatoweka kesho kwa mwezi mzima, je, kuna mtu mwingine anayeweza kuyaona maandalizi yangu, akayashika mkononi na kuyatumia? Ikiwa yamo kichwani mwangu tu, basi bado ni nia.

Kosa la pili linatokana na jinsi tunavyoukadiria muda. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliliandikia mwaka 1979, wakionyesha kuwa watu hupanga mambo kana kwamba yote yatakwenda sawa, hata wanapokumbuka vizuri kwamba mara zilizopita hayakwenda sawa. Mwaka 1994 watafiti wengine watatu waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakimalizia tasnifu zao watahitaji siku ngapi. Kwa wastani walijibu siku 33.9. Wakaulizwa tena: na kama kila kitu kitakwenda vibaya kadiri kinavyoweza kwenda vibaya? Wakajibu siku 48.6. Kwa kweli walitumia siku 55.5. Naomba mzingatie takwimu ya katikati. Hata picha yao ya balaa lenyewe ilikuwa na matumaini kupita kiasi. Na hao walikuwa wakikadiria kazi iliyokuwa mezani mbele yao, kazi ya majuma machache. Sasa mfikirie mtu anayekadiria ni lini ataanza kuweka akiba, ni lini atapatana na ndugu yake waliyekosana, ni lini ataandika wosia.

Niruhusuni nisafiri kidogo hadi Ncha ya Kusini, kwa maana sijapata kisa kingine kinachoonyesha maandalizi yanavyokuwa yanapoacha kuwa mawazo. Mwaka 1911 misafara miwili ilikuwa ikishindana kufika huko, mmoja wa Mnorwei Roald Amundsen na mwingine wa Mwingereza Robert Falcon Scott. Amundsen alifika tarehe 14 Desemba 1911, na Scott tarehe 17 Januari 1912. Amundsen na wenzake wanne walirudi salama. Scott na wenzake wanne walikufa njiani wakati wa kurudi.

Hadithi hii imezoeleka kusimuliwa kama shindano la ushujaa, na ushujaa haukupungua upande wowote. Mimi huvutiwa na bendera na makopo. Miezi kadhaa kabla ya safari yenyewe, misafara yote miwili ilitangulia kuweka maghala ya chakula na mafuta kwenye njia watakayorudia. Ghala ni kitu kidogo sana katika uwanda wa theluji usio na mti wala kilima, na mtu anaweza kulipita kwa mita mia tatu asilione kwa sababu ya ukungu. Amundsen alilijua hilo. Kwa hiyo hakutosheka na bendera moja juu ya ghala; alipanga bendera kwa mstari unaoikata njia, kumi kushoto na kumi kulia, moja baada ya nyingine kwa umbali wa karibu nusu maili, ili hata kama wangepotea kwa kilomita kadhaa wakutane na bendera moja itakayowaelekeza. Alijiandaa kwa ajili ya mtu atakayekuwa amechoka, haoni vizuri, na amekosea. Mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe, wa miezi mingi mbele.

Upande wa Scott, ghala kubwa lilipangwa liwekwe kwenye latitudo ya nyuzi 80 kusini. Hali ya hewa ilikuwa mbaya na farasi wao walikuwa wakidhoofika, hivyo waliamua kulishusha mzigo kwenye nyuzi 79 na dakika 29, yaani pungufu kwa zaidi ya kilomita 50. Mafuta ya taa nayo, yaliyokuwa yakiwayeyushia theluji wapate maji ya kunywa, yalikutwa yamepungua makoponi, kwa sababu vifuniko vilizibwa kwa ngozi na ngozi ile haikuhimili baridi. Makopo ya Amundsen yalikuwa yamezibwa kwa kulehemu. Mwishoni mwa Machi 1912, Scott na wenzake wawili waliobaki walizuiwa na dhoruba ndani ya hema lao, karibu kilomita 20 tu kutoka kwenye ghala lile. Lingewekwa pale lilipopangwa, wangekuwa wameshalifikia.

Napenda kuwa mwadilifu kwa Scott. Siku alipolishusha ghala mapema hakuwa mjinga. Alikuwa na sababu nzuri, sababu ya siku hiyo, ya farasi waliokuwa wakiumia mbele ya macho yake. Lakini hivyo ndivyo sisi sote tunavyoyapunguza maandalizi yetu. Hakuna anayeamka asubuhi akaamua kutojiandaa. Tunasogeza ghala kilomita chache kuja upande wetu, kwa sababu leo ni baridi, kwa sababu mwezi huu ni mgumu, na umbali ule haudaiwi leo. Hudaiwa wakati wa kurudi.

Kuhusu fedha sitasema mengi, maana washauri wa fedha hawajapungua. Nitawapa hesabu moja tu. Chukua kiasi chochote, kiite moja, ukiweke mahali kinapoongezeka kwa asilimia 7 kila mwaka, na kila ongezeko nalo lizae. Ukiweka moja hiyo ukiwa na miaka 25, utakapofika 65 itakuwa karibu 15. Ukiiweka ukiwa na miaka 35, itakuwa kati ya saba na nane. Miaka kumi ya mwanzo, ile ambayo kijana huiona ni ya kujipanga kwanza, ina thamani karibu sawa na miaka thelathini yote inayofuata. Hesabu hii haijagusa kupanda kwa bei, wala hakuna anayeahidiwa asilimia saba kwa miaka arobaini. Naitumia kuonyesha umbo la jambo. Najua pia kwamba wapo kati yetu ambao mwisho wa mwezi hawabaki na kitu cha kuweka, na kumhubiria mtu wa namna hiyo akiba haiozi ni kumdhihaki. Kwake yeye maandalizi yanaweza kuanza na kitu kisicho na bei: cheti kilichowekwa mahali pakavu, deni lililoandikwa pamoja na jina la anayedaiwa, ujuzi mmoja unaoongezwa jioni.

Wosia nao unahitaji dakika chache, kwa kuwa ndio tunaoukimbia kwa bidii zaidi. Abraham Lincoln alikuwa mwanasheria kwa zaidi ya miaka ishirini kabla ya kuwa Rais wa Marekani. Aliishi akitishiwa maisha na kuongoza nchi iliyokuwa vitani. Alipouawa mwezi Aprili 1865, hakuwa ameacha wosia. Kama elimu ya sheria na kifo kilicho karibu havikutosha kumfanya aandike, basi tusidhani sisi tutaandika kwa sababu tu tunajua ni vizuri kuandika. Wengi huogopa kwamba kuandika wosia ni kukiita kifo. Sijapata kuona kifo kikisubiri kuitwa. Ninachokiona ni ndugu waliopendana miaka yote wakisimama pande mbili za chumba, kila mmoja akiapa kwamba marehemu alimwambia yeye, na huenda kila mmoja anasema kweli.

Sasa nije kwenye namna ya kufanya, maana kujua hakujawahi kuwa tatizo letu. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, ametumia miaka mingi kuchunguza kwa nini nia njema hufa. Katika utafiti mmoja aliouchapisha mwaka 1997 pamoja na mwenzake, wanafunzi waliombwa waandike ripoti fupi wakati wa likizo ya Krismasi, ndani ya saa 48 baada ya mkesha. Baadhi yao waliombwa jambo moja la ziada: wataje mahali na saa watakapokaa kuandika. Waliotaja walitimiza kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wenzao. Hawakuwa na ari zaidi, walikuwa na anwani zaidi. Kusema “nitapima shinikizo la damu” ni nia. Kusema “Jumatano, nikitoka kazini, kabla sijapanda basi, nitapita zahanati” ni nia iliyopewa mahali pa kukaa. Sentensi ya pili humfanya mtu aone haya asipotimiza, na haya hiyo ina kazi yake.

Njia nyingine naipenda ingawa inatisha kidogo. Mtafiti Gary Klein aliieleza mwaka 2007 kwa ajili ya mashirika, lakini inafaa hata kwa familia. Kabla ya kuanza jambo, wahusika huambiwa wajione wamesimama mwaka mmoja mbele, na jambo lile limeshindikana vibaya. Kisha kila mmoja aandike kwa nini limeshindikana. Mtu akiulizwa nini kinaweza kuharibika, hujibu kwa adabu. Akiambiwa kimeshaharibika, hueleza kwa undani. Sisi tulifanya hivyo nyumbani baada ya msiba wa baba, jioni moja, kila mtu na kalamu yake. Dada yangu aliandika mstari mmoja: “Mama aliugua, na namba ya siri ya simu yake alikuwa nayo yeye tu.” Mama alicheka sana. Kisha akainuka, akaleta daftari.

Najua lipo jibu ambalo mtu ameshaliandaa kichwani wakati nikizungumza, nalo ni kwamba mipango si matumizi. Msemo huo ni wa kweli, na umeokoa watu wengi kutoka kwenye kiburi. Lakini tunautumia vibaya tunapoufanya ruhusa ya kutopanga. Amundsen mwenyewe aliondoka mapema mno mwezi Septemba 1911, baridi ikamrudisha kambini, mbwa kadhaa wakafa na wenzake wakapata majeraha ya baridi miguuni. Mpango wake wa tarehe ulivunjika, ila maghala yake yalibaki palepale yakimsubiri. Maandalizi mazuri hayategemei kwamba mambo yatakwenda kama ulivyosema.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na sina jibu lake la moja kwa moja. Wapo watu wanaojiandaa hadi wanasahau kuishi. Lakini pia yapo mambo muhimu ambayo hayawekeki ghalani hata kidogo, na mtoto ni la kwanza kati yake. Mtoto wa miaka saba yupo mwaka mmoja tu. Huwezi kumwekea saa zake benki ukamlipa kwa mkupuo akifikisha kumi na tano. Atakuwa ameshajifunza kutokungoja. Vivyo hivyo kwa mwenzi wa ndoa, kwa mzazi anayezeeka, kwa rafiki wa zamani ambaye mmebaki kutumiana salamu za sikukuu. Katika mambo haya kujiandaa mapema kuna maana moja pekee, nayo ni kufanya sasa, kidogo, mara nyingi. Mtu anayewanyima watoto wake jioni zote ili awajengee kesho yao anapaswa kujiuliza kesho hiyo atakuwamo kama nani.

Kwa sababu hiyo siwezi kuwapangia vipaumbele vyenu. Nimeombwa mara kadhaa nitoe orodha, na kila mara nimekataa, kwani orodha ya mtu mwingine ni kama dawa za mtu mwingine. Ninachoweza kuwaomba ni mfungue droo yenu mwangalie ni nini mmekipanga kwa mpira na wino mwekundu, na ni nini hakimo kabisa.

Baba yangu aliishi siku kumi na moja baada ya usiku ule, bila kurudi kusema. Tulifanya maamuzi kwa niaba yake kwa kubahatisha, na mpaka leo sisi wanne hatukubaliani kuhusu mojawapo. Mimi nimeshaandika karatasi mbili na kuzibandika ndani ya mlango wa kabati: moja ya dawa na mizio, nyingine ya watu wa kuwapigia simu. Karatasi ya tatu, ile ya nani aniamulie, sijaiandika, ingawa nimezunguka kuwaambia watu waiandike kwa miaka miwili sasa. Nimepanga kuiandika Jumamosi hii saa nne asubuhi, kwenye meza ile ile ya baba, na mke wangu, aliyekaa pale mstari wa pili, ameshakubali kuniuliza saa sita mchana kama nimemaliza.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.